Futi Tano na Inchi Nne

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee safari ya baba yetu, marehemu Ambrose Lovegrove, aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1896 hapa hapa Windsor, mtoto wa nne wa mama dobi, akasoma shule ya parokia hadi mwaka 1908, kisha akaingia kwa mjomba wake kujifunza ushonaji, asitoke humo kwa miaka hamsini na mitatu. Alifunga ndoa na mama yetu, Winifred, tarehe 4 Juni 1921, wakajaliwa watoto wawili, mimi Hester na mdogo wangu Cuthbert.

Kazi yake ilikuwa koti fupi la wanafunzi wa shule ya wavulana iliyo ng'ambo ya daraja, lile jeusi linaloishia kiunoni, wenyewe wakilitania kuwa linagandisha makalio, Padri aniwie radhi, ambalo mvulana hulivaa mpaka afikishe futi tano na inchi nne, ndipo apewe koti la mkia, refu kwa nyuma, la wakubwa. Na mshika tepu alikuwa baba, wala hakuna mzazi, awe na cheo gani, aliyemfanya aisogeze.

Septemba 1934 aliingia dukani Lionel Averill, miaka kumi na saba, bado yumo katika koti fupi pamoja na watoto, wenzake wakimpigia kelele barabarani, "Dogo, yaya kakuacha na nani leo?", akaapa kwamba akipimwa tena pungufu anaacha shule. Baba alimpima mara nne. Ilipungua nusu inchi.

"Fundi, andika tu imetimia, nakuomba."

"Tepu haina huruma, bwana mdogo. Rudi Jumamosi."

Kwa siku tano, nikimtazama kwa macho yangu, alishona koti fupi, akafumua mabega, akashona, akafumua tena, chai ikipoa mezani. Na Lionel alipotoka nalo mtaa mzima uligeuka kumtazama, maana ufupi wake hatukuuona ulikokwenda, na hadi leo sijui baba alifanyaje. Jumatatu, mmoja wa wale wale waliomcheka alikuja na koti lake la mkia kuuliza kama anaweza kushonewa fupi. Lionel alimaliza shule, na leo yupo nasi.

Baba aliugua mapafu Oktoba 1961, akafariki tarehe 9 Januari 1962. Tunamshukuru Daktari Pargeter, majirani, mafundi wenzake waliofunga maduka, na Bwana Copestake, seremala wa jeneza, aliyetuuliza kwa aibu kama amekosea, kwani alipima mara mbili akapata futi tano na inchi tatu, nasi tuliomtazama baba kwa kuinua nyuso maisha yetu yote, hatukuwa tumejua kwamba naye alikuwa wa koti fupi.

Lala, Baba, upumzike.