Kibati Tulichokitoa Kwenye Gari la Wagonjwa

Mgeni rasmi, Mkaguzi wetu Mkuu wa Magari. Daktari wa kituo. Majirani mliobanana humu ndani mpaka madirishani: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kabla hamjatuamkia.

KARIBU

Sisi bibi kumi na mmoja tunaofanya usafi wa kituo cha afya tuna furaha hadi miwani ya kusomea tumeisahau nyumbani. Tukiruka mstari, usidhani ni uzee. Tulikuomba utume mtu wa kupima gari letu, ukaja mwenyewe! Asante, mwanetu.

TULIKOTOKA

Gari la wagonjwa tunalo moja tu, la dizeli. Mwaka jana lilianza kuchoka. Mlimani lilikohoa na kutoa moshi mweusi, na hata likisimama lilitetemeka mpaka machela ikagonga mlango. Fundi Nati, mwenye gereji nyuma ya kituo, akalifungua. Akatuonyesha vali ambayo kazi yake ni kurudisha moshi kidogo ndani ya injini. Ilikuwa imejaa masizi, imekwama wazi, moshi unaingia bila kipimo.

Tukashtuka. "Yaani gari linakula moshi wake lenyewe?"

"Huo ni uchafu," akasema mwenyekiti wetu. "Ziba!"

"Bibi zangu, haizibwi hiyo. Inasafishwa."

"Wewe! Nani alikufuta kamasi? Ziba!"

Akakata kibati, akaziba. Gari likapata nguvu, tukapiga vigelegele. Kumbe moto wa injini ulikuwa umezidi ukali, na ikaanza kugonga ndani. Ndipo ulipokuja na kipimo chako, ukakiingiza kwenye bomba la moshi, kikaonyesha sumu imezidi, ukalifungia gari lisiingie barabarani. Fundi ulimkaripia mbele ya watu, naye hakututaja hata mmoja.

Mgeni rasmi, kosa lilikuwa letu.

TULICHOELEWA

Tulimfuata gerejini kichwa chini. "Hebu tueleze, mjukuu. Moshi una kazi gani mle?"

"Bibi, makaa yakiwa makali mno, unafanyaje ili chakula kisiungue?"

"Nayamwagia majivu kidogo."

"Basi moshi ule ndio majivu ya injini. Unapooza moto, na sumu isiyoonekana inapungua. Dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima, vali inajifunga, injini ipate hewa safi. Ila masizi yakiikwamisha, nguvu zinakwisha."

Masizi! Si angesema mapema? Sisi tumesugua masufuria tangu hatujaota meno ya ukubwani!

TULICHOFANYA

Kibati kikatoka. Siku tatu tulisugua vali na bomba lake kwa brashi za meno na mafuta ya taa, hadi chuma kikang'aa na kucha zetu zikawa nyeusi. Ziangalie, bado hazijatakata. Kwa kuwa ulilifungia, gari hatukulipeleka barabarani. Tulilijaribu kwenye mwinuko wa humu uani, sisi sote kumi na mmoja ndani. Lilipanda, mgeni rasmi! Lilipanda bila moshi, bila kukohoa, mpaka mwenzetu wa nyuma akapiga kelele, "Dereva, punguza, roho yangu bado naipenda!"

KINACHOTUUMA

Mkwe wa mwenyekiti wetu, fundi cherehani, mimba yake imetimiza miezi tisa. Mtoto amekaa vibaya, na daktari ameagiza ajifungulie hospitali kubwa, ng'ambo ya milima miwili. Usafiri uliobaki ni pikipiki. Ndiye yule mstari wa mbele, anajipepea na nakala ya risala hii. Ni wiki hii, mgeni rasmi. Huenda ni kesho.

TUNACHOOMBA

Pima gari leo, tena kwa ukali ule ule. Kipimo kikikataa tutarudi kusugua, hatutakununia. Kikikubali, tupe cheti kabla hujaondoka. Na Fundi Nati umpe mkono, mbele ya watu hawa hawa.

Tangu tuanze kusoma, gari limewashwa chini ya dirisha lililo kando yako. Zamani ungetuambia tupaze sauti, na kioo hicho kingekuwa kinacheza ngoma. Hebu kiguse. Kimetulia.

Mungu akulinde barabarani, wewe na kila unayemruhusu kupita humo, pamoja na huyo ambaye bado hajazaliwa.

Ni sisi wako, Kikundi cha Bibi wa Usafi, na sasa wa Masizi.

Kibati chenyewe tumekiweka chini ya glasi yako ya maji. Ondoka nacho, baba. Sisi hatukihitaji tena.