Ngumi za Usingizini

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutuunga mkono, mimi ni binti wa pili wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kocha.

Baba alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi seremala na mshona nguo, katika chumba cha nyuma ya karakana ya babu, akaanza shule mwaka 1959 na kumaliza ya msingi mwaka 1966, akiwa na pengo la jino moja na maadui wanne, kwa maelezo yake mwenyewe, kisha akaajiriwa kupakia mifuko kwenye ghala la saruji, na huko ndiko alikoanza ngumi za ulingoni, kwa kuwa za bure alikuwa tayari anazipiga.

Mwezi Agosti 1974 alipambana na bondia aliyeitwa Nyundo, akiwa ametoka kuunganisha zamu mbili ghalani bila kufumba macho, na ile ngumi ya kushoto aliyofundishwa wiki nzima ikamtoka kichwani kabisa, akavunjwa mbavu, akapasuliwa nyusi, akatapika damu kwenye ndoo ya kona yake. Daktari wa ulingo, akiwa anamshona, alimuuliza, "Umelala lini?"

Baba akajibu, "Nimekuja kupigana, sikuja kulala."

"Ndiyo maana umelazwa," daktari akamwambia. "Ulichojifunza mchana, ubongo unakirudia ukiwa umelala, unakipanga, unakikaza kisipotee. Usipolala, kocha wako anajisumbua bure."

Maneno hayo Baba aliyashika, akawa akitoka mazoezini analala kwanza, na waliporudiana Februari 1975 ngumi ile ilitoka yenyewe bila kuitwa, ikavunja taya la Nyundo, na waliokaa viti vya mbele wakarukiwa na damu hadi kwenye mashati.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na mama yetu, karani wa stoo palepale ghalani, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 1983 akaigeuza karakana ya babu kuwa klabu ya ngumi, ambako baada ya kila somo aliwalaza wanafunzi wake kwenye mikeka mchana kweupe, akipita katikati yao na kufoka, "Lala wewe! Ngumi bado iko mkononi, haijafika kichwani!", hata majirani wakaiita klabu ya wavivu, na humo ndimo mimi ninayewasomea nilimovunjwa pua nikiwa na miaka kumi na sita, nikalala, nikaamka najua kukwepa.

Kuanzia mwaka 2009 ngumi alizopigwa ujanani zilianza kumdai, akawa anapigana ndotoni kwa mikono na miguu, akavunja kioo cha kabati, na tarehe 3 Mei 2010, akiwa usingizini, alimpiga Mama akamvunja mfupa wa shavu, majirani wakavunja mlango na kumkuta Baba amekaa sakafuni analia, haelewi damu ile ni ya nani. Mtaani ikasemwa Kocha anampiga mkewe. Madaktari wa ubongo walitueleza kwamba mwili wa mtu anayeota hulegea, ila wake ulikuwa umesahau kulegea, naye akatuomba, "Nifungeni kamba," Mama akakataa, akasema, "Mimi sikuolewa na ng'ombe," akahamishia godoro lake ukuta wa pili.

Usingizi ukakatika vipande vipande, na kumbukumbu zikaufuata, mambo ya leo hayakufika kesho, wajukuu aliwauliza majina kila asubuhi.

Sisi watoto tulitaka kuishia hapo, lakini Mama ametuambia, "Semeni yote, mkificha hili, watadhani hata yale ya usingizini mmeyatunga." Basi mwezi Januari 2018, jikoni, Baba akiwa macho kabisa, alimuuliza Mama, "Wewe nani?", akajibiwa, "Mimi mkeo," akasema, "Mke wangu si mzee hivi," akampiga, akamvunja mkono, akampiga tena akiwa chini, mpaka kaka yetu mkubwa alipomwangusha na kumkalia kifuani, huku anamwita, "Baba, Baba," naye hamjui.

Tarehe 17 Oktoba 2021 alifariki hospitalini kwa homa ya mapafu, na muda wote Mama alikaa kando ya kitanda, karibu kiasi cha kufikiwa na ngumi, akakataa kiti kisogezwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wengine wakiwa na alama za mikono yake, wapakiaji wenzake wa ghalani, mabondia wa klabu mliombeba leo, na ninyi majirani, kwa mlango mliouvunja na kwa mlioutengeneza.

Baba, pumzika kwa amani, hakuna tena wa kupigana naye.