Pole ya Fundi Vioo

Hakuwa na glavu, hakuwa na mwenzake wa kazi, na tangu asubuhi hiyo hakuwa na hakika kama bado ana bima. Jina lake, Silas, lilishonwa kwenye koti. Ndani ya basi la kutoka Bloomington, huku Marekani, nikiwa nimeketi nyuma yake, alimgeukia mama aliyevaa sare ya hospitali, Mtanzania kwa lafudhi yake.

"Dada, kioo nilichofunga dukani kimepasuka, kikamkata mteja mkono. Nikamkimbilia, nikamwambia, 'Ai em sori.' Sasa watu wa bima wanasema nimekiri kosa. Wakinifutia bima, nani atanipa kazi?"

"Si umekiri kweli, kaka? Hapa mtu akiumia unaita ambulensi, unafunga mdomo."

"Anavuja damu, nami nisimame kama nguzo? Nilimpa pole, sikuomba msamaha!"

Mimi niliyekuwa nikiwasikiliza, Kiingereza nilikisoma shule ya usiku, na ugomvi wangu nacho ni huo huo: pole na samahani kimezitia katika neno moja.

"Basi waandikie hivyo," mama akamwambia.

"Nimeandika." Akatoa bahasha. "Na mwishoni nimempa pole tena yule mteja."

Mama akashika kichwa. "Tena?"

"Kwa Kiswahili. Watafute mkalimani."

"Watampata, naye atawatafsiria 'sori'."

Silas aliilamba bahasha, akaifunga. Basi liliposimama mtaa wa Phillips alishuka, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.