Matanga ya Sanduku

Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, poleni na kazi. Salamu za msikitini na za kanisani nimezileta zote, kila mmoja achukue ya kwake.

Mimi si mzoefu wa kusimama mbele za watu. Nimezoea kusimama juu ya paa, na wanaoniangalia huko wanangoja tu kuona kama mwanamke ataanguka. Leo nimesimama kwa ajili ya ndugu yetu fundi umeme, yule aliyeketi karibu na dirisha. Mnajua yaliyompata. Aliacha begi la vifaa kwenye nyumba anayotandaza nyaya, akarudi asubuhi akakuta msumari mtupu. Tangu siku hiyo haongei, hata chai yetu leo ameikataa. Kaka, hapo ulipoketi nilishawahi kuketi. Nisikilize kidogo. Majina ya watu sitayataja, maana wengine ni ndugu zangu na wengine mnanunua nao mbao.

Baba yangu alikuwa seremala kule kwetu Lupaso. Mama alitangulia, na baba hakukaa sana, akamfuata. Tukabaki wanne: mimi mkubwa, niko kidato cha pili, wasichana wawili wanaonifuata, na mvulana kitinda mimba ambaye alikuwa bado analia akikosa uji. Baada ya arobaini ukoo ukakaa. Kwetu sisi Wamakua, mtoto ni wa mjomba, na mjomba wetu ni mtu mwema, nataka mlielewe hilo mapema. Akasema mmoja aende Mtwara, mmoja Lindi, mdogo atamchukua yeye.

Nikamwambia, "Mjomba, tuachie kwanza."

"Mtakula nini, mwanangu?"

"Sanduku la baba lipo."

Lilikuwa sanduku la mninga, amelipaka rangi nyekundu. Ndani mlikuwa na randa mbili, patasi, keekee, nyundo na pimamaji. Msumeno wake mkubwa haukuwemo. Niliutafuta mpaka chini ya vitanda, sikuuona, nikanunua mwingine baadaye, nikauweka humo. Kazi nilikuwa naijua kidogo, kwa sababu tangu nikiwa na kimo cha meza nilikuwa namshikia baba upande wa pili wa mbao. Nikaacha shule. Nikaanza na vigoda, nikaja viti, milango, mwishowe kupaua. Watu walikuwa wanafika uani wananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Nawajibu, "Ameinama anatafuta msumari, subiri ainuke."

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kitanda kimoja kipana cha wadogo zangu watatu, maana baada ya msiba kila mmoja alikuwa anaogopa kulala peke yake. Hakikuwa kizuri. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, nikauwekea kipande cha tofali. Lakini walilala.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha nikapata kazi Newala, nyumba ya mama mmoja mjane, mkulima wa korosho, wa umri wa kunizaa. Alitaka paa jipya na mifereji kabla ya mvua. Ninyi mliofika Newala mnajua kwamba kule paa si la kukinga jua tu. Bati ndilo linalokamata mvua na kuipeleka kwenye kisima cha nyuma ya nyumba. Ukichelewa kupaua, umemnyima mtu maji ya mwaka mzima.

Yule mama ni Mmakonde, mimi Mmakua, watani wa jadi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hapakuwa na amani. Hakuniita fundi wala mwanangu. Aliniita Mla Panya. Nami nikamwambia watu wa juu ya mlima huoga kwa kikombe, na wakimaliza hunywa yaliyobaki. Akaficha viatu vyangu, nikavikomboa kwa kipande cha sabuni. Nikakalia kigoda chake na kukataa kuinuka mpaka akaleta uji. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kufanya kazi mahali nikacheka vile tangu baba afariki.

Mwisho wa juma nikataka kushuka Lupaso kuwaona wadogo zangu. Sanduku zito, nikaliacha kwenye stoo ya mama, tukafunga mlango, ufunguo tukauweka chini ya kinu kilichogeuzwa. Ndipo ulipokuwa siku zote. Sasa naelewa kwamba mtaa mzima ulikuwa unajua.

Niliporudi asubuhi nikafungua stoo. Mlango mzima, kufuli zima, sanduku hakuna.

Mnajua nilifanya nini? Nilicheka.

Nikamfuata jikoni. "Mtani, safari hii umeiba kitu kikubwa kuliko mkono wako."

"Nimeiba nini?"

"Sanduku. Sema unataka nini nilikomboe."

Naye akaniangalia, akadhani mimi ndiye niliyelificha, nataka kumchezea. Akasema, "Lile jekundu? Nimelipikia mbaazi. Kuni za Wamakua zina moshi wa panya."

"Na randa?"

"Randa nimekunia nazi."

Tukacheka mpaka jirani akachungulia. Siku ile nzima nikapanga mbao, nikabeba mabati, kazi zote zisizotaka chombo, nikijua jioni atachoka na kulitoa. Jioni nikamwambia, "Mtani, basi sasa, kesho nataka kupaua." Akasema, "Na mimi nataka kuoga, leta mvua." Nikaenda kulala nikicheka.

Kesho yake nikapita dukani, nikanunua sukari ya ukombozi. Nikampa. Akaipokea, akauliza, "Ya nini hii?"

"Ya sanduku. Umeshinda."

Akaiweka sukari chini taratibu. Kisha akaniita kwa jina langu.

Tangu tujuane hakuwahi kuniita kwa jina. Aliponiita nikajua, kabla hajasema neno jingine. Akasema, "Mwanangu, mimi sijaligusa. Nilidhani ni wewe."

Tukakimbia sokoni, yeye na kanga moja, mimi peku. Kijana wa bodaboda akasema, "Sanduku jekundu? Nimelibeba jana jioni mpaka stendi. Jamaa alisema yeye ni fundi, anahama." Jana jioni. Wakati mimi naombwa nilete mvua, sanduku la baba lilikuwa linapita barabarani. Tukaripoti, tukasikilizwa, likatafutwa mpaka Masasi huku chini. Halijaonekana hadi leo.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mjomba akasikia, akaja. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye kigoda nilichokitengeneza mimi, akasema, "Mwanangu, umebeba vya kutosha. Sasa tukusaidie. Jumamosi nitakuja kuwachukua wadogo zako."

Siku zote jibu langu lilikuwa ni lile sanduku.

Yule anayenifuata akaanza kukunja nguo za wenzake, ananipa mgongo nisione uso wake. Kitinda mimba akakaa ukingoni mwa kile kitanda kibaya, akauliza, "Dada, na kitanda nacho tutakigawa?"

Nikamwambia, "Tutakikata na nini? Hata msumeno hatuna."

Akacheka yeye. Mimi nikatoka nje.

Nisichokijua wakati ule ni kwamba yule mdogo wangu, baada ya kumaliza kukunja nguo, alichukua simu yangu akampigia mama wa Newala. Akamwambia yote, na siku ambayo mjomba angekuja.

Jumamosi mjomba amefika, vifurushi viko mlangoni, tunasikia kilio barabarani. Kilio cha msiba kabisa. Majirani wakaacha vijiko kwenye sufuria, wakaja mbio. Nikatazama, namwona mtani wangu, kanga kichwani, na wanawake wanne nyuma yake, wanashuka kwenye gari huku wanalia.

"Nani amekufa?" watu wanauliza.

"Sanduku," anasema. "Limekufa bado jekundu. Limeacha yatima wanne, na paa langu likiwa wazi. Jamani, nani atanipaulia?"

Akatandika mkeka pale pale mlangoni, akajilaza juu yake, ameziba mlango wote. Wenzake wakaanza kumwigiza marehemu. Mmoja anakwenda kama randa, mmoja anakereza kama msumeno. Watu waliokuja na machozi wakabaki wanajishika mbavu.

Mjomba akasogea na vifurushi. "Mama, naomba nipite."

"Hupiti. Kwenye msiba wa mtani wangu, mlango ni wangu. Wapi uliona yatima wanagawanywa matanga hayajaanuliwa?"

"Lakini hakuna aliyekufa hapa."

"Basi mlete marehemu akiwa mzima, sisi tuondoke."

Wajomba mliomo humu mnaelewa. Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umeshindwa, na kijiji kizima kitakusimulia mpaka uzeeni. Mjomba akapangusa jasho, akasema, "Haya, unataka nini?"

"Rambirambi. Wenzako wanatoa. Tazama wanaokuja."

Maana yule mama hakuja Lupaso moja kwa moja. Alipita Masasi, akaingia kwenye mabanda ya mbao, akawalilia mafundi mmoja mmoja kwamba mwenzao kafiwa. Na wakaja. Wengine wamo humu ndani, nawaona wanatazama chini. Wa kwanza aliweka nyundo kwenye mkeka, akasema pole. Wa pili patasi. Mmoja, ambaye tulikuwa tunanyang'anyana kazi na hatusalimiani, alileta randa, akaiweka bila kuniangalia, akasema, "Hii inavuta upande wa kushoto kidogo. Utaizoea." Nimeizoea.

Mjomba akatazama ule mkeka. Kisha akaviweka vifurushi chini, akaondoka bila kuaga. Kitinda mimba akaninong'oneza, "Mjomba kakasirika." Nami nilifikiri hivyo.

Akarudi alasiri, amebeba kitu kirefu ndani ya gunia. Akakifungua. Ulikuwa msumeno mkubwa, na mpini wake una alama ya baba, ile aliyokuwa anaichoma kwa msumari wa moto.

Akasema mbele ya watu wote, "Shemeji aliniazima nikatie mkorosho ulioanguka. Akafariki sijaurudisha. Nikaona aibu kuja na msumeno kwenye msiba. Baadaye nikaona aibu zaidi, na kila mwaka ikazidi." Akanigeukia. "Nimekuja kuwagawa watoto kwa sababu niliamini mko peke yenu. Sasa watu wote hawa, mimi nitamgawa nani?"

Akauweka msumeno juu ya mkeka. Mtani wangu akainuka, akajikung'uta vumbi, akasema, "Matanga yameanuliwa. Mla Panya, chukua vyombo vyako, mawingu yanakuja kwangu."

Niliposikia Mla Panya, ndipo nilipolia.

Paa lile nililimaliza. Mvua ya kwanza ilinikuta nafunga mfereji wa mwisho, nikasikia maji yanaingia kisimani. Mama akatoka akasimama katikati ya uwanja na nguo zake, akaniambia, "Leo naoga kwa ndoo, kawaambie wenzako." Wiki iliyofuata akatuma kwa basi dumu la maji mpaka Lupaso, ambako maji tunayo, ili tu atuonyeshe.

Wadogo zangu wako pamoja. Anayenifuata amemaliza kidato cha nne, na jeuri yake ya simu hajaiacha. Kitinda mimba miguu inatoka nje ya kitanda, lakini kukiacha hataki.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mjomba, aliyekubali kuaibika mbele ya watu ili sisi tusitengane. Nawashukuru mafundi. Na mtani wangu, yeye simshukuru, maana nikimshukuru atadai fidia.

Ndugu zangu, nilichojifunza ni hiki. Utani tuutanie, lakini chombo cha kazi kikipotea, mwite mwenzako kwa jina lake saa ile ile. Kama ningemwita mtani kwa jina asubuhi ile, tungewahi stendi. La pili ndilo huwa nalitafakari nikiwa juu ya mbao. Vyombo vya baba vilivyofungiwa kwa kufuli vimekwenda vyote. Kilichobaki ni kile alichokuwa amemwazima mtu.

Sasa, kaka yangu pale dirishani. Nimekuja na koleo, si jipya, lakini linauma waya vizuri. Naliweka hapa mezani. Watani wako wamo humu ndani, nawaona wanajifanya wanasoma simu.

Haya, mnangoja nini? Mwenzenu kafiwa. Anzeni kulia.