Dada Yetu wa Mnara Mmoja

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kwa mama yetu, kazi yangu ni cherehani, kwa hiyo mtanivumilia nitakapofika kwenye mambo ya kemia, maana nitayasema kama yeye mwenyewe alivyonieleza, mara nyingi, bila kunichoka.

Dada alizaliwa tarehe 11 Agosti 1966, nyumbani kwa bibi, mtoto wa kwanza kati yetu wanne, siku ambayo mvua ilikuwa imekata barabara na mkunga yuko ng'ambo, hivyo aliyempokea ni bibi mwenyewe. Alianza shule ya msingi mwaka 1974, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1981, ambako alipofika kidato cha tatu aliunguza mkono wa kushoto kwa tindikali, na badala ya kuikimbia maabara akaomba apewe ufunguo wake, kisha mwaka 1991 akahitimu shahada ya kemia, mwanamke peke yake darasani.

Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha viyeyushi, vile vinavyotiwa kwenye rangi na gundi, na huko ndiko alikokutana na shemeji yetu, msimamizi wa pipa kubwa la kuchanganyia, mtu wa maneno machache aliyekuwa akipeleka sampuli maabara mwenyewe ingawa haikuwa kazi yake, mpaka wenzake wakambatiza Bwana Sampuli. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1994, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1996, ambaye leo ni muuguzi, na kijana mwaka 2001, anayefundisha hesabu.

Sasa nije kwenye kazi yake, ambayo familia tumekubaliana isisomwe nusu. Zamani pale kiwandani tindikali ya siki na spiriti vilipikwa kwanza ndani ya pipa, kisha mchanganyiko ukapitishwa kwenye minara mitatu ili kutenganisha kiyeyushi na maji, na shida, alivyosema dada, ni kwamba vitu hivyo vikiachwa pamoja vinageuka tena kuwa vilivyokuwa, kazi inaishia njiani. Yeye akasema yote yafanyike ndani ya mnara mmoja, tindikali iingilie juu, spiriti iingilie chini, vikutane katikati penye mifuko ya kichocheo, na kiyeyushi kikishazaliwa tu kipae kama mvuke, maji yashuke, visipate nafasi ya kurudiana. Mwaka 2005 alijenga mnara mdogo wa kioo maabara, wakatoboa dari ili uenee, na tarehe 6 Aprili 2009 mnara wenyewe, wa chuma, uliwashwa, ukafanya peke yake kazi ya mitambo minne.

Lakini mitambo minne ilikuwa na watu wake. Dada aliliona hilo mapema, akaandika barua tatu kwa uongozi akiomba watu wa pipa wahamishiwe kwingine, akajibiwa mara zote tatu kwamba ombi limepokelewa, na tarehe 30 Septemba 2009 orodha ya wanaoachishwa kazi ikabandikwa mlangoni, majina kumi na saba, la kwanza la mumewe. Alikwenda kwa meneja akamwambia, "Basi uzimeni," akajibiwa kwa upole kabisa kwamba mnara si wake. Jioni ile alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia, "Mdogo wangu, nimeujenga kwa mikono yangu, na sina pa kuushikia."

Shemeji hakugomba, na hilo ndilo lililomwumiza dada zaidi. Alifungua karakana ya pampu uani, na kwa miezi saba walikula meza moja bila kusemezana, kila mmoja akiomba chumvi kupitia kwa binti yao. Mei 2010 mnara ulianza kukwama, maji hayashuki, wahandisi wakahangaika siku tisa, na dada mezani akawa anaieleza sahani yake habari hizo, ndipo shemeji akasema, "Mnaupasha moto haraka mno, mifuko inavimba," akainuka kwenda kunawa. Waliupasha taratibu, ukatulia. Dada aliandika katika ripoti ni nani aliyesema, akaomba mumewe arudishwe kazini, hakurudishwa, na hapakuwa na la kufanya, ila tangu siku hiyo chumvi iliombwa moja kwa moja.

Januari 2023 alianza kukonda na kuumwa mgongo, tukadhani ni kiti cha ofisini, tukamnunulia kingine. Tarehe 14 Machi ilibainika kuwa ni saratani ya kongosho, tayari imefika kwenye ini, na daktari aliyekuwa akituchorea picha kwenye karatasi aliweka kalamu chini. Tulimpeleka hospitali ya pili, na ya tatu, tukaambiwa maneno yale yale kwa sauti tofauti. Binti yake, anayetuliza wagonjwa wa watu kila siku, alimpima mapigo ya moyo kila saa kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumfanyia, na shemeji, ambaye hakuna pampu iliyowahi kumshinda, alikaza skrubu za kitanda ambazo hazikuwa zimelegea.

Jumatano tarehe 7 Juni, mchana, dada alimwuliza mumewe, "Ile orodha, ulinisamehe?" Shemeji akamwambia, "Kunywa maji kwanza," akamnywesha, dada akasinzia, hakuzungumza tena, na Alhamisi tarehe 8 Juni 2023, saa nne asubuhi, akafariki, akiwa na miaka hamsini na sita. Shemeji alidhani muda upo. Ameniomba nilisome jibu lake hapa, kwa kuwa hana pengine pa kulipeleka, nalo ni hili: "Sikuwa na kinyongo tangu mwezi ule wa kwanza baada ya orodha, nilinyamaza kwa sababu sikujua nianzeje."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyetuambia ukweli akabaki amekaa nasi mpaka tukaishiwa maswali, majirani mliopika kwa zamu, wafanyakazi wenzake wa maabara, na ninyi wa ile orodha mliobeba jeneza asubuhi hii bila kuombwa, tumewaona.

Dada, sisi bado hatujui tushike nini tuache nini. Wewe pumzika, pumzika kwa amani.