Léocadie Nibitanga na Kosa la Mizani ya Bandarini

Ndugu, jamaa, majirani wa Gihosha, na nyinyi wa bandarini mliosimama kule kivulini kama watu wenye haraka, familia imenipa karatasi hii nisome, nami nimeirekebisha kidogo kwa sababu iliandikwa na watu wenye diplome, basi naanza na jambo ambalo nusu yenu mtalikataa: mwanamke aliyelala mbele yetu alitafuta kosa lililomwangusha mtu mwingine, akalikuta ndani ya kazi ya mikono yake mwenyewe, akapewa nafasi ya kumtupia mzee asiyekuwepo, akakataa. Asiyeamini asiamini, hakuna polisi hapa, ila abaki mpaka mwisho, kisha aje anitazame usoni aseme kwamba Jimmy mutoto wa Valéry amedanganya.

Marehemu Léocadie Nibitanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa Gihosha, Bujumbura, mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu Népomuscène, karani wa bandari, na marehemu mama Daphrose, aliyeuza vitambaa mtaa wa Asiatique, na tangu udogo, kaka zake wakiteremka kucheza mpira, yeye alibaki nyumbani kuifungua redio ya baba yake, na sifa yake kubwa ni kwamba aliweza kuifunga tena, jambo ambalo kaka yake Valéry, baba yangu mzazi, hajaliweza kwa kitu chochote mpaka leo.

Alianza shule ya msingi Septemba 1985 na sekondari Septemba 1992, masomo yakakatika mara mbili katika miaka ile ya msukosuko ambayo kila mmoja wetu anaijua kwa namna yake, wenzake wengi wakavuka kwenda Uvira, wengine Kigoma, naye aliporudi darasani akakaa mwaka mzima peke yake kwenye benchi la watu watatu, akamaliza mwaka 2001, kisha akapata diplome ya informatique, elimu ya kompyuta, tarehe 22 Julai 2005. Anayewasomea haya aliacha shule darasa la tisa, na bado simu za wengi wenu zimepita mikononi mwake, lakini leo si siku yangu.

Tarehe 6 Februari 2006 aliajiriwa na kampuni moja ya maghala pale bandarini, ambayo familia imeomba isitajwe ingawa wakubwa wake wawili wako hapa na miwani ya jua, akawekwa chini ya mzee Ildephonse, aliyeandika peke yake programu ya mizani ya malori, kwa lugha ya zamani inayoigusa mashini moja kwa moja, bila msimamizi katikati, ambapo kila anayechukua nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta lazima airudishe mwenyewe. Mzee alipostaafu akahamia Gitega, patron, yaani bosi wa kampuni, alitaka programu yenye rangi na risiti nzuri, basi Léocadie akaiandika kwa lugha ya kisasa, ile yenye msimamizi wake ndani, anayepita kila mara kuzoa vilivyoachwa na kupanga upya vilivyobaki, lakini kazi ya kuzungumza na mizani yenyewe akaiachia programu ya mzee, akaziunganisha zote mbili, na tarehe 3 Oktoba 2018 zikaanza kazi pamoja, watu wakapiga makofi, wakanywa Fanta.

Januari 2019 risiti zikaanza kusema uongo, si zote, moja moja, tena siku ambazo mashua za Kigoma zimeingia nyingi na malori yamejipanga mpaka barabarani, lori la saruji likatoka na uzito wa lori la mahindi lililopita kabla yake, na kwa kuwa watu hawaoni programu bali wanaona mtu, lawama zikamwangukia Shakuru, karani wa mizani, mwenyeji wa Buyenzi, baba wa watoto wanne, wakasema anapitisha mali ya watu, wakamsimamisha kazi tarehe 11 Machi 2019, wakamwambia kwamba mwezi wa sita ukiisha bila maelezo mengine atapelekwa mbele ya sheria, na kwake Buyenzi hata waliokuwa wakikaa naye barazani wakaanza kumsalimia kwa mbali.

Hapo Léocadie akaanza kutafuta, bila kutumwa na mtu. Aliangalia kwanza kama programu mpya inaikuta ya zamani mahali pake, ikawa inaikuta, akaangalia kama zote mbili zimejengwa kwa kipimo kimoja, maana moja ikiwa ya biti thelathini na mbili na nyingine ya sitini na nne hazifunguliani hata mlango, zikawa sawa, akapima kama namba inayotoka upande huu inakaa kwenye nafasi ileile upande wa pili, ikawa inakaa, na chombo chake cha kufuatilia makosa kilimwonyesha upande wa lugha mpya tu, ukivuka mpaka kinanyamaza, mpaka alipokiamuru kitazame pande zote mbili. Na hata hapo, kila alipokaa kuitazama, mizani ilisema kweli, kama mtoto mtundu padri anapoingia.

Kwa nyinyi mnaokuna vichwa, marehemu alimweleza mpwa wake mezani, na mpwa akaelewa mara moja, wakati wahandisi wa kampuni walikuwa bado wanaomba kahawa. Chukua nyumba yenye mfanyakazi mwenye bidii anayepita kila saa kupanga upya vyombo, mgeni akaja kutoka nyumba ambayo kila mtu anaosha sahani yake, ukamwonyesha kwa kidole, weka mchuzi kwenye sahani ile pale, mgeni akageuka kuchukua sufuria, mfanyakazi akapita akaisogeza sahani rafu ya juu, mgeni akamwaga mchuzi palepale alipoonyeshwa, na mwenye nyumba alipofunua sahani yake akakuta chakula cha jana. Hiki chakula cha jana ndicho uzito wa lori la mahindi. Siku ya malori machache mfanyakazi hana cha kupanga, kwa hiyo hakuna kinachoharibika, na ndiyo maana alipokaa kutazama hakuona kitu.

“Tantine, si umufukuze tu huyo mufanyakazi?” Jimmy akasema.

“Nikimufukuza, vyombo vyote tutaosha mi na we,” akajibu, “na we nakujua.”

Jumapili tarehe 16 Juni 2019, baada ya misa, alikwenda bandarini, akamwamuru yule msimamizi wa ndani ya programu apite kupanga kila lori linapopanda mizani, badala ya kungoja achoke na uchafu, akapandisha lori tupu, akapandisha lori la saruji, na risiti ya saruji ikatoka na uzito wa lori tupu, akarudia, ikatoka vilevile, kosa lililojificha tangu mwanzo wa mwaka likawa linakuja kila linapoitwa. Akaandika mistari michache ya kumwambia msimamizi, hii usiihamishe mpaka mizani imalize kuandika, akarudia tena, risiti ikasema kweli. Mlinzi wa geti, aliyekuwa naye siku hiyo, anasema marehemu hakufurahi, alikaa juu ya mfuko wa saruji akiitazama risiti, akamwuliza kama anajua Shakuru anakaa avenue ya ngapi.

Jumanne iliyofuata patron alimwita kabla ya mkutano na wateja, akafunga mlango, lakini milango ya pale ni ya mbao nyembamba na makarani wana masikio.

“Tutasema ni ile programu ya muzee,” patron akasema. “Ildephonse yuko Gitega, anafuga kuku, nani atamuuliza?”

“Apana, patron. Muzee aliandika mahali alipoonyeshwa. Ni mi nilionyesha, halafu nikaacha pahamishwe.”

“Basi nyamaza tu, rekebisha, na huyo wa mizani tutamutafutia kitu kingine.”

“Kitu kingine gani? Jina lingine? La sasa mumelifanya la mwizi.”

Akaingia mkutanoni akasimama mbele ya wateja waliokuja kudai saruji yao, akasema kosa liko kwenye kiungo cha programu mbili, kiungo amekiandika yeye, Shakuru hakugusa kitu, akawatolea risiti mbili za Jumapili, akakaa. Tarehe 2 Julai 2019 Shakuru alirudi kwenye mizani yake. Léocadie alihamishiwa chumba cha nyuma ya ghala la tatu, peke yake na kompyuta na mifuko ya risiti za zamani, wenzake wakampa jina la Madame Kosa, na saa ya kula meza ilijaa hata ikiwa na viti vitupu. Hapa nyumbani kaka yake alimwambia, “We uko na diplome, unajipaka matope kwa ajili ya mutu wa mizani?” naye akachukua mkoba wake akapanda kwake, na Jumapili za kula pamoja zikaisha bila mtu kutangaza kwamba zimeisha.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuolewa, mwaka 2008 kuna mwalimu mmoja wa Kinindo aliyekuja mara mbili kuzungumza na baba, mara ya tatu hakuja, familia haikuuliza na yeye hakusema. Hakujaliwa mtoto, ila alilea watoto wa ndugu zake, wa mwisho wao, huyu anayewasomea, alikaa kwake kuanzia 2014 mpaka Julai 2019, akala chakula chake, akaharibu kompyuta zake mbili, akajifunza humo kazi anayojisifia leo.

Mwezi Aprili 2024 alianza kuvimba miguu, tarehe 20 Mei akaambiwa ni figo, akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki huku akiendelea na kazi, alipenda kiti cha dirishani, alikataa uji wenye maziwa, na usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025 hali ilibadilika, akaaga dunia asubuhi hiyo hospitalini hapa Bujumbura, akiwa na miaka arobaini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mpaka dakika ya mwisho, majirani wa Gihosha mliotuazima viti na maturubai, wenzake wa bandarini mliokuja, hata wenye miwani, na mzee Ildephonse aliyetoka Gitega na magoti yale.

Hapo karatasi imeisha, lakini kuna sehemu nimeiruka, ile inayosema familia ilimuuguza. Yale niliyowasomea ya ugonjwa, miguu, dirisha, uji, hakuna mtu wa familia aliyeyaona. Tulikuwa tunampigia simu, anasema niko sawa, tunaamini kwa sababu kuamini ni rahisi kuliko kupanda mpaka kwake, na mimi nilikuwa Asiatique nikitengeneza simu za watu wasionihusu. Yote nimeambiwa jana na mama Mwantum, mke wa Shakuru. Anasema mwishoni mwa mwaka 2019 alipanda kwa tantine kumtukana, kwa ajili ya miezi ile ambayo watoto wake waliitwa watoto wa mwizi, akamkuta anakunywa chai akiwa amesimama, nyumba nzima haina sauti, akashindwa kutukana, akaketi. Tangu hapo alikuwa akija. Shakuru ndiye aliyekuwa anampeleka hospitali, na mama Mwantum ndiye aliyemshika mkono asubuhi ile. Sisi tuliitwa baadaye, tumletee nguo.

Mama Mwantum, uko kule nyuma umesimama, hakuna aliyekupa kiti. Njoo mbele. Shada la familia utaliweka wewe.

Tantine, pumzika, Mungu akupe amani yake. Sisi tumechelewa kufika.