Risala ya Wakazi wa Nyumba ya Matibabu Kuhusu Kikopo Namba Kumi na Saba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Profesa, mama meneja, wauguzi na mpishi wetu, ndugu na jamaa, na ninyi wenye kamera mliosimama mbele ya wagonjwa: salamu.

KARIBU

Sisi wakazi kumi na wanane wa nyumba hii, wanywaji tisa na wenzetu tisa wenye ugonjwa wa kula, tunakukaribisha. Ni mara yako ya kwanza kufika, ingawa utafiti wako umekaa nasi miaka miwili. Anayesoma alikuwa karani wa mahakama kabla pombe haijamwachisha kazi. Nakala iliyopitishwa na ofisi ina kurasa mbili. Hii ina tatu, na mama meneja atuwie radhi, maana ameshaanza kunikata jicho.

HISTORIA

Huko makwetu majina yetu yalijulikana. Anayekunywa ni mlevi, hana haya. Asiyekula ana maringo. Anayekula mpaka atapike ni mlafi. Tuliitiwa vikao vya ukoo, tukasemwa, wengine tukafungiwa ndani.

Ndipo vijana wako wakaja na mchoro wa utumbo. Wakatueleza kwamba mle ndani wanaishi bakteria wasiohesabika, kwamba wanapelekeana habari na ubongo, na kwamba huenda wana mkono wao katika uchu wa pombe na katika mtu kukataa chakula. Wao walisema huenda. Sisi tuliipokea kama hukumu ya kuachiwa huru. Mke wa msomaji huyu, ambaye hakuwa amepokea simu yake mwaka mzima, alipoelezwa alisema, "Kwa hiyo si kwamba hukutupenda." Kwa neno hilo tungekupa chochote, Profesa, na ulichotaka kilikuwa choo tu.

MAFANIKIO

Tulipewa maziwa mgando ya kuwatengeneza bakteria hao kila asubuhi, na kila Jumatatu kabla ya chai tulipeleka choo dirishani kwa vijana wako kwenye kikopo chenye namba. Watu wazima, wengine tuna wajukuu, tulipanga foleni na vikopo mkononi huku tukiamkiana shikamoo. Vikopo vilikaa kwenye jokofu lenye jenereta lake. Umeme ukikatika, sisi tulikaa gizani na choo chetu kikakaa kwenye baridi safi.

Leo tumeona kwenye jengo jipya utakalolifungua picha kubwa ya rangi, inayoonyesha bakteria wa mgonjwa namba kumi na saba walivyotengemaa mwezi hadi mwezi. Chini imeandikwa kwamba amepona. Tumepiga makofi kama tulivyoelekezwa.

CHANGAMOTO

Kanuni ya utafiti inasema asiyeleta kikopo Jumatatu tatu mfululizo ananyang'anywa kitanda. Namba kumi na saba ni binti mshonaji, tunamwita Mdogo Wetu. Sasa mtu asiyekula, Profesa, atatoa choo gani? Jumatatu ya kwanza alikaa msalani saa nzima akatoka analia. Ya pili vilevile. Ya tatu, mwenzetu aliyekuwa dereva wa lori, mtu wa kumaliza sahani tatu, alimpokonya kikopo akasema, "Lete hapa, mdogo wangu, mimi ninacho cha kugawa." Tulicheka. Hata binti alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake.

Tulidhani ni msaada wa wiki moja, ukawa wa miezi kumi na minne. Dereva aliacha pombe, akanywa maziwa, tumbo lake likatulia, nanyi mkaandika kwamba binti anatengemaa. Ile picha ukutani ni tumbo la dereva. Amekaa safu ya pili, mwenye shati la kijani, na anaomba radhi.

Binti maziwa yake alikuwa anayamwaga kwenye sinki. Mpishi alimwona, akaenda kuripoti. Akajibiwa kwamba vipimo vinaonyesha anakunywa.

Kosa ni letu na tunalibeba. Bakteria hatuwakatai, huenda mnayosema ni ya kweli yote. Lakini inatuuma, na tunasema wazi kwamba inatuuma, kuwa kwa miezi yote hiyo hakuna aliyeinua macho pale dirishani akautazama mkono ulioleta kikopo. Mzani upo nyuma ya mlango wa chumba cha dawa. Una vumbi.

Jumanne ilibandikwa barua kwamba namba kumi na saba ataruhusiwa kesho. Jana mama yake alifika na mkoba wa kumfungashia nguo. Alimtazama mwanawe, akatugeukia, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye aliyepona?" Ukurasa wa tatu tumeuandika baada ya swali hilo.

MAOMBI

Ofisi ilituandikia maombi matatu: viti, rangi ya ukuta na televisheni. Tumeyaacha. Sisi tunaomba moja, kwamba binti asitolewe kesho. Tunajua picha itashushwa, na kazi yako ya miaka miwili itatiwa doa. Tunajua pia kwamba tuliodanganya tunaweza kufukuzwa sote. Dereva ameshafunga mizigo yake. Mkitufukuza, vitanda kumi na saba vitabaki wazi. Mlazeni kwenye kimojawapo.

Mgeni rasmi, binti aliyechaguliwa kukukabidhi maua ndiye yeye. Amesimama mbele yako sasa hivi, mwenye sweta jua likiwaka. Tunakusihi, kabla hujapokea maua, mpandishe sweta mkono mmoja, umshike juu ya kiwiko.

Mungu akujalie afya wewe na wanao, na kila ukaapo mezani ule ushibe.

Ni sisi, Wakazi wa Nyumba ya Matibabu, namba moja hadi kumi na nane.